Faini ya Asiyekuja

Ujumbe wa pesa uliingia nikiwa juu ya stuli, natoa sahani za wageni kwenye rafu ya juu. Nilikuwa nimefika sahani ya tisa. Simu ikalia mezani, mlio ule mfupi ambao mtu huutambua hata akiwa usingizini, nami nikashuka taratibu, maana mifupa yangu siku hizi haina haraka na mtu. Alikuwa mwanangu mkubwa, mhandisi wa barabara. Mwezi wa mwisho wa mwaka ulikuwa na umri wa siku tatu tu, naye tayari ametuma mchango wake wa sikukuu. Nikavaa miwani nisome vizuri. Hakutuma fungu moja. Alituma mafungu mawili.

Mimi ni mtu wa stoo. Kwa miaka thelathini na mmoja nilitunza stoo ya chakula ya shule ya bweni yenye wanafunzi mia sita, na jina nililopewa na wazazi wangu lilipotelea humo humo katikati ya magunia. Watu waliniita Mama Stoo, na mpaka leo wananiita hivyo. Kazi yangu ilikuwa kujua kichwa kimoja kinakula kiasi gani. Nipe idadi ya vichwa, nikupe mchele, mafuta, chumvi na kuni, wala sikosei hata kijiko. Nilipostaafu nilirudisha funguo, lakini hesabu hazikustaafu. Kila mwaka, mwezi wa kumi na moja unapoishia, nafungua daftari la sikukuu na kupanga bajeti ya familia: chakula cha siku kumi, gesi, maji ya kunywa, sabuni, dawa ya mbu, viatu vya mjukuu ambaye lazima atakuja na vilivyotoboka. Jumla yake naigawa kwa nyumba nne, tatu za wanangu na moja yangu, kila nyumba inabeba fungu lake. Wao wanalipa, mimi nanunua.

Daftari hilo lina kanuni moja tu. Iko ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wangu, na wanangu wote watatu wameweka sahihi chini yake kama watu wanaopokea mzigo: *Asiyekuja atalipa mafungu mawili.*

Mtu mwenye akili timamu angeyaona mafungu mawili akaelewa. Mimi sikuelewa. Nikisema kweli, nilikataa kuelewa. Nilijiambia kwamba Mkubwa anakuja na wakwe zake. Si mkewe alisema mwaka jana kwamba wazazi wake wanatamani kuiona nyumba hii? Na Mkubwa ni mtu wa haya, hawezi kuniletea vichwa viwili vya ziada bila kuvilipia. Moyo ukitaka jambo, hesabu zote hukubali. Nikachukua kalamu, nikawaandika wakwe wawili, nikaongeza mchele na mafuta, kisha nikapanda tena kwenye stuli kutafuta sahani nyingine.

Nyumba yangu ina vyumba vinne na mtu mmoja. Tangu baba watoto afariki, miaka sita sasa, nimezoea mengi. Nimezoea kulala katikati ya kitanda. Nimezoea kuibishia redio, na mara nyingi nashinda. Nisichokizoea ni kupika. Mtu aliyepikia mia sita hajui kumpikia mmoja. Mkono wenyewe unakataa. Nikipika wali unanitosha siku tatu, na siku ya tatu naula nimesimama, nikitazama dirishani, ili usiitwe mlo. Mwaka mzima navumilia kwa ajili ya zile siku kumi za mwisho, wakati mlango unasukumwa na mtu asiyesubiri kukaribishwa, na mtoto anauliza choo kiko wapi kabla hajanisalimu. Mwaka una siku nyingi, lakini mimi naishi hizo kumi.

Siku nne baadaye akatuma wa katikati, binti yangu muuguzi. Mafungu mawili. Nikaketi. Huyu ana miaka thelathini na sita, ana mtoto mmoja wa kike na hana mume, nami ni mama, siwezi kukosa dukuduku. Amepata mtu, nikasema kwa sauti, na redio haikubisha. Amepata mtu, anataka kumleta tumwone, na kwa kuwa anaujua mdomo wangu, hataki kutangaza. Nami sikutangaza. Nilikwenda tu kununua jozi ya mashuka, rangi ya samawati, kitambaa kizito, bei ambayo nisingeilipa kwa ajili yangu mwenyewe hata kwa kushikiwa fimbo. Nikayafua, nikayapiga pasi, nikatandika chumba cha mwisho.

Kisha nikaenda kuagiza vyakula. Muuza duka wa mtaani kwetu ni mwembamba wa mwili lakini mnene wa maneno, na kila mwaka mimi na yeye tunagombana kwenye mizani na kupatana kwenye bei.

"Mama Stoo! Mwaka huu mko wangapi?"

"Andika kumi na watano."

"Kumi na watano! Hiyo si sikukuu tena, hiyo ni harusi."

"Harusi nayo haiko mbali," nikasema, nikajiuma ulimi.

Akaacha kuandika. "Ya nani tena? Yule muuguzi wetu?"

"Pima mchele, baba. Na toa kidole kwenye mizani, bado nina macho."

Akacheka mpaka akashika kaunta. Nami nilicheka. Nilitanguliza nusu ya malipo, tukakubaliana mzigo ubaki kwake mpaka wiki ya sikukuu, na niliporudi nyumbani nilikuwa natembea kama mtu mwenye watu. Nakumbuka nilimsalimu hata jirani ambaye hatusemeshani.

Wa tatu ndiye aliyenishinda. Kitindamimba wangu ni dereva wa malori, na tangu azaliwe hajawahi kulipa kitu kikamilifu. Mchango wake huja nusu kwa pesa na nusu kwa maneno: Mama nitamalizia, Mama wiki ijayo, Mama unanijua. Namjua. Ndiyo maana asubuhi ile simu ilipolia na nikaona mafungu mawili yametoka kwake, kamili, pamoja na gharama ya kutolea pesa, nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Kwa huyu sikuwa na wakwe wa kuongeza wala mchumba wa kumsingizia. Hata hivyo nilijaribu. Nilijiuliza kama amepandishwa cheo. Nikajiuliza kama amekosea kubonyeza. Mwisho nikampigia dada yake, kwa sababu yeye akiulizwa husema, na nikajifanya nina swali la jikoni.

"Mama, niko wodini, lakini sema."

"Sikuchelewishi. Nataka kujua tu, huyo mgeni wako anakula nyama?"

"Mgeni gani?"

"Huyo uliyemlipia."

 Nyuma yake nilisikia kitanda cha magurudumu kikisukumwa, na mtu akiomba apishwe.

"Mama, sijamlipia mtu. Mwaka huu siji. Nimepangiwa zamu sikukuu yote, na malipo yake ni mazuri, sikuweza kukataa. Nimelipa mara mbili, kama kanuni inavyosema."

"Kanuni nimeiandika mimi."

"Ndiyo, na mimi nimeifuata. Kwani nimekosea?"

"Na kaka yako mkubwa?"

"Anawapeleka watoto kwa wakwe zake. Na mdogo wetu ana safari ya mzigo. Tuliongea wote watatu. Kaka ndiye aliyemkopesha alipe zote, usije ukasema anakwepa." Sauti yake ikashuka. "Tulidhani utafurahi, Mama. Mwaka juzi nilipokosa kuja, ulinunua godoro kwa faini yangu. Ulinitumia picha. Uliandika, 'Asante, limekaa vizuri.'"

"Niliandika."

"Basi mbona sauti yako iko hivyo?"

"Sauti yangu haina tatizo. Nenda kwa wagonjwa wako."

Nikaiweka simu mezani, kioo chini, kama mtu anayemfunika maiti uso. Nilitaka kuwakasirikia na sikupata pa kushika. Hakuna aliyenidanganya. Hakuna aliyechelewa. Wamelipa mapema, wamelipa zote, wamelipa kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe niliwafundisha, na kwa mara ya kwanza katika historia ya daftari lile hakuna anayedaiwa. Nilikuwa na pesa za sikukuu kuliko mwaka mwingine wowote, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumpakulia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba somo hilo nilikuwa nimeshalipata zamani, shuleni. Wanafunzi walikuwa wanapoteza vijiko. Nikaweka kanuni: ukipoteza kijiko kimoja, unaleta viwili. Muhula wa kwanza hapakupotea kijiko. Muhula wa pili wale wenye wazazi wa uwezo wakagundua jambo: kuosha kijiko kila siku kwa maji ya baridi ni kazi, kununua viwili ni rahisi. Wakaanza kuvitupa. Wakawa wanailipa faini yangu huku wakinicheka, na stoo ikajaa vijiko vipya mpaka nikakosa pa kuviweka. Mwalimu wa zamu alikuja akaona, akasema, "Mama Stoo, faini ikishalipika inakuwa bei." Nilimjibu kwamba yeye afundishe hesabu, stoo aniachie mimi. Mwalimu huyo ndiye aliyenioa mwaka uliofuata.

Naye ndiye aliyekuwa na ulimi wa kuita watu. Mimi nilikuwa wa kuwalisha. Ikifika msimu kama huu alishika simu, akampigia mmoja mmoja: "Njooni mnione kabla sijawa picha ya ukutani." Watoto walicheka, walilalamika nauli, wakaja. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia anavyowabembeleza, nikimwona amezidisha. Mtu mzima anabembelezwa kuja kwao? Kisha akawa picha ya ukutani kweli. Mwaka wa kwanza bila yeye nilingoja. Sikumpigia mtu, nilidhani watajua. Alikuja mmoja, akalala siku mbili. Mwaka uliofuata, walipokutana kujengea kaburi la baba yao, nilitaka kuwaambia kwamba nyumba inanila. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni, "Kuanzia sasa, asiyekuja atalipa mafungu mawili." Wakacheka, wakasema ndiyo huyo Mama Stoo, wakaweka sahihi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nikaogopa, nikaweka faini mahali pake. Na wao wangejuaje?

Alasiri nikarudi dukani. Afadhali ningeagizwa kubeba mawe. Muuza duka alikuwa amekwisha kutenga mzigo wangu pembeni, magunia yamepangwa vizuri, juu yake kipande cha karatasi: *Mama Stoo, 15.*

"Nimekuja kupunguza," nikasema.

"Hakuna shida. Tunashusha mpaka wangapi? Kumi na wawili? Kumi?"

Palikuwa na wateja wawili nyuma yangu. Nikaangalia chupa za mafuta kwenye rafu, nikazihesabu ili nisilie. Zilikuwa kumi na nne.

"Andika mmoja."

Alinitazama, akatazama ile karatasi. Yule mtu mwenye maneno kuliko kasuku hakupata hata moja. Aliichana karatasi polepole, akaikunja, akaitia mfukoni badala ya kuitupa mbele yangu, na kwa hilo nitamheshimu mpaka nife.

"Mchele kilo moja, Mama?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Utabaki."

"Basi nusu."

"Nusu."

Hakuweka kidole kwenye mizani. Nilitamani angeweka, tugombane.

Nyumbani nilifungua daftari, nikaandika juu ya ukurasa mpya: *Kichwa 1*. Mkono ukaenda wenyewe, kama ulivyozoea. Kitunguu, robo. Nyanya, moja kasorobo. Chumvi, haipimiki. Gesi, haipungui hata mtu akipika peke yake. Moto unawaka ule ule. Nilipofika kwenye sabuni ya vyombo nikaacha. Katika miaka yangu yote ya stoo sikuwahi kuona bajeti inayotia aibu namna hiyo. Kisha nikalia, mchana kweupe, miwani usoni, mpaka vioo vikaingia ukungu na nikalazimika kuivua. Nililia kwa upweke, nisizungushe maneno. Nililia pia kwa hasira, kwa kuwa mwenye kunifanyia hivyo ni mimi.

Nilipomaliza nikanawa uso. Nikachukua simu. Nilimrudishia kwanza kitindamimba, maana zake zilikuwa za kukopa. Mafungu mawili, na gharama ya kutuma nikalipa mwenyewe. Nikamrudishia dada yake. Nikamrudishia Mkubwa. Kila nilipobonyeza, simu iliniuliza kama nina uhakika, na kila mara nilijibu ndiyo kabla sijabadili mawazo. Sikuandika ujumbe wowote. Sikujua niandike nini.

Haikupita robo saa, Mkubwa akapiga. Mkubwa hupiga Jumapili, saa nne kasorobo, na huongea dakika sita tu. Ile ilikuwa Alhamisi. Nyuma yake mtambo wa kushindilia barabara ulikuwa unanguruma, na ilibidi apige kelele.

"Mama! Pesa zimerudi! Umekosea namba?"

"Sijakosea."

"Hazikutosha? Umeongeza bajeti?"

"Hakuna bajeti. Nimeifuta ile kanuni."

"Umefuta nini?"

"Faini. Nimeifuta. Hakuna tena mafungu mawili."

Akafikiri. Mwanangu ni mtu wa hesabu kama mimi, nilimsikia akipanga. "Sawa. Kwa hiyo tunalipa fungu moja moja hata tusipokuja?"

"Hamlipi kitu."

"Sasa Mama, mtu asipokuja inakuwaje?"

"Haiwi chochote, mwanangu. Inakuwa hakuja, basi."

 Mtambo uliendelea kunguruma, na mtu mmoja huko akamwita, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilibana simu sikioni. Nilihisi lile neno limekaa pale pale lilipokaa mwaka ule, nyuma ya meno, na hapakuwa na baba yao wa kunisemea.

"Nilikuwa nataka kuwaona," nikasema. "Ndicho nilichokuwa nataka, toka mwanzo. Sikujua kinavyosemwa. Nikaandika faini."

"Unasemaje? Sikusikii vizuri."

Ningeweza kusema hakuna kitu. Ingekuwa rahisi mno. Ningemwambia asalimie watoto, tukakata.

"Nimesema nawataka," nikasema kwa nguvu, mpaka nadhani jirani asiyenisemesha alisikia. "Nyumba hii ni kubwa. Siwezi kula peke yangu. Ndivyo nilivyosema."

Nikasikia hatua zake kwenye kokoto, mlango wa gari ukifunguliwa, kisha ukifungwa, na ngurumo ikabaki nje. 

"Hiyo ni kali kuliko faini," akasema hatimaye, polepole.

 Sikuomba ahadi, naye hakutoa. Yule aliyekuwa akimwita akagonga kioo cha gari. Nikasikia mapigo mawili, ya haraka. Mkubwa akamwambia angoje. Kisha akavuta pumzi.

"Mama," akasema, "leo umekula nini?"

Nikavuta kiti, nikaanza kumweleza.